404 ya Ndugu Yangu na 504 Yangu

Shule niliishia darasa la saba, na umakanika sikusomea, kwa hiyo maneno yangu juu ya magari yachukuliwe hivyo. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na pikapu ya 404, mimi 504 ya kubeba familia, zote gari za Kifaransa za kampuni moja. Miaka ya themanini tulibishana juu ya hayo magari mawili kuliko tulivyobishana juu ya shamba la baba.

Niseme kwa haki. 504 ilikuwa na injini kubwa zaidi, karibu cc elfu mbili. 404 elfu moja mia sita na kitu. Yangu ilipita kwenye mashimo kama umekalia godoro. Yake ilikuwa ngumu, gia iko kwenye usukani, lakini ilibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga mvua na jua, na sikumbuki siku ilimwacha njiani. Kwa upande wa mafuta sijui. Yeye alisema yake hainywi, mimi sikupima.

Nilichopima ni mlima. Asubuhi moja tuliondoka Otonglo pamoja kupanda mlima hadi Maseno. Nikamwacha mbali. Nilipofika niliegesha, nikatazama saa: dakika nne nzima ndipo akatokea. Nikaandika kwenye daftari langu la gari, "504 imeshinda."

Alishuka akicheka, akagonga ubavu wa pikapu. "Omera, ndugu yangu, umepima gari ama umepima omena? Mimi nimebeba magunia kumi na mawili, wewe umebeba kofia!"

"Si ulikubali tuondoke pamoja?"

"Nilikubali, Bwana Daftari. Lakini hayo magunia yaandike. Halafu tutarudia nikiwa mtupu."

Sikuyaandika. Nilijiambia nitaandika tukirudia. Kila mwaka alinikumbusha, na kila mwaka nilikuwa na sababu: tairi, mvua, mgeni. Nadhani niliogopa kushindwa. Labda ni uvivu tu, sina hakika hata sasa.

Miaka ya tisini akaanza kukonda, ule ugonjwa ambao watu hawakuutaja. Nilipomtembelea hospitali alisema kwa sauti ndogo, "Yale magunia uliandika?"

"Niliandika," nikasema.

"Basi wewe ni mtu wa haki." Akafumba macho.

Nilirudi nyumbani nikitaka niufanye ule uongo uwe kweli, lakini daftari sikuliona. Nililipata siku ya tatu, chini ya kiti cha gari. Alikuwa amefariki alfajiri hiyo.

Tulimpeleka kwetu kijijini, ukishapita Maseno, kwa pikapu yake mwenyewe. Kwetu gari lenye jeneza hutangulia, halipitwi. Mlima ulipoanza 404 ikaingia gia ya pili, ikalia. Yangu ilikuwa na nguvu ya kupita, niliisikia chini ya mguu.

"Polepole," mzee mmoja niliyembeba akaniambia. "Yeye ndiye mbele."

Maseno nilifika nyuma yake.

Nyumbani, watu wakishusha jeneza, nilibaki kwenye usukani nikafungua daftari. Mjane wake akaja dirishani. "Shemeji, unaandika nini saa hizi?"

"Yale magunia yake ya omena. Kumi na mawili."

"Yalikuwa tisa. Mimi ndiye niliyepakia." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke mjini, ameshika mlango wa gari langu.

Nikaandika chini ya mstari wa zamani: "404 ilikuwa na mzigo. Magunia tisa, au kumi na mawili. Hatukurudia."