Onja Kwanza

Sikuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu wanawake wa mtaa wetu wa Kamenge walikwisha kunihukumu, na midomo ya Kamenge haina mlango.

Miaka kadhaa baada ya uhuru, mwaka ule tusiopenda kuutaja, askari walimchukua mume wangu kazini, kwenye ghala la kahawa alikokuwa karani. Yeye na wenzake walipakiwa kwenye lori mchana kweupe. Hakurudi. Sikupewa maiti wala habari ya alikopelekwa, na kulia hadharani kulikatazwa. Basi sikuvaa nguo ya msiba. Niliendelea kupiga pasi mashati yake, na kila aliyenitazama kwa huruma nilimwambia kwamba mtu asiyezikwa hajafa. Nilikuwa mkali kama pilipili, na hofu ndiyo iliyonifanya hivyo.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, alikuwa akipika lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi, kisha akiloweka humo majani machungu na mizizi. Aliiuza kwa vipimo vidogo, dawa ya tumbo. Mara ya kwanza niliinywa kwa ajili ya tumbo kweli. Ulimi ulikufa ganzi, kisha masikio yakafunguka: nikasikia cherehani ya fundi wa mtaa wa pili na, nyuma yangu, mume wangu akikohoa kikohozi chake cha tumbaku.

Kesho yake nilirudi kwa jirani.

"Dada, hii iko dawa, haiko pombe," alisema. "Inaleta ndoto na macho wazi. Usikunywe na njaa."

Nikaanza kuinywa na njaa. Nilijaribu hivi na vile, kama mtu mwenye funguo nyingi mbele ya kufuli moja. Baada ya ugali, hakuna kitu. Kabla ya kula, sauti. Nikishinda njaa na kuziba madirisha, mwenyewe anakuja. Alikaa kwenye kiti chake, kola imenyooka kama nilivyoipiga pasi. Hakusema aliko. Sikuuliza, niliogopa jibu. Nilitaka tu kuamini kwamba yu hai mahali fulani.

Kwetu, anayekaribisha huonja kinywaji kwanza, ndipo mgeni apokee, ajue hakuna sumu. Mume wangu aliigeuza desturi hiyo kuwa mchezo wa nyumbani. Hata chai hakuigusa kabla sijaionja. "Onja kwanza, mama," alikuwa akisema, "pengine umeshapata mwingine." Nami naonja, namtukana, anacheka, anakunywa. Alifanya hivyo hata akiwa na homa. Alifanya hivyo asubuhi ile ya mwisho.

Jumapili moja, baada ya misa, nilimimina glasi mbili. Nikanywa yangu. Nikainua yake niionje, na kabla haijafika mdomoni akaipokea. Akanywa yote. Hakutania. Hakunitazama.

Nilipozinduka glasi yake ilikuwa mezani, imejaa. Nikakimbia peku hadi kwa jirani, nikamweleza.

Aliendelea kupepeta mchele wake. "Mutu mwenye uhai anaogopaka sumu," akasema. "Ule haogope tena kitu."

Nikamfokea kwamba ni majani yake yaliyonidanganya.

"Majani hayamujue bwana yako, dada. Ni we unamujua."

Hapo ndipo nilipovunjika. Kweli, nilijua. Nilijua tangu siku ile nilipoambiwa habari ya lori. Niliuma kitenge nisisikike barabarani, nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza, kichwa changu mapajani mwa mwanamke yule.

Sijaigusa tena lutuku. Lakini hata leo nikimimina chai naonja kwanza, kisha nasogeza kikombe upande wa kiti kile na kungoja. Chai inapoa. Hakuna anayenitania.