Mistari Aliyoiruka Baba Mkubwa

Nchi nzima inatutania sisi Wahaya kwa neno moja: nshomile, yaani nimesoma. Haya, tumesoma. Kwetu aliyesoma kuliko wote ni baba mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, anayeishi Kitendaguro. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijapoa. Mtu asiyejua kusoma ningemsamehe.

Shangazi, dada yake, aliachika angali kijana. Watoto wakabaki kwa baba yao, kama desturi inavyotaka, yeye akarudi Muleba kwa bibi. Alipalilia kibanja, shamba letu la migomba, akachuma kahawa, na bibi alipoanza kujisahau akawa anamwogesha na kumlisha. Bibi alipofariki tulimzika migombani nyuma ya nyumba, na shangazi akaonyesha kwa mkono pale kando. "Mimi mniweke hapa," alisema.

Katika Biblia yake ya Kihaya kulikuwa na habari moja aliyoipenda kuliko zote, ile ya mjane wa Moabu aliyekataa kumwacha mama mkwe wake. Nilipokuwa likizo alinisomea jioni, bibi akiwa amekaa katikati yetu.

"Huyu hakutumwa na mtu," aliniambia. "Alibaki kwa sababu alimpenda. Kama mimi na huyu." Akamgeukia bibi, akamfuta mdomo. Sikuwahi kufikiri kwamba habari ile inaweza kusomwa vingine.

Shangazi alifariki ghafla, baada ya Krismasi. Ukoo ukakaa sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya msiba, na baba mkubwa akafungua Biblia. Akasoma habari ile ile. Tazameni, akasema kwa sauti yake ya kanisani, mwanamke akishaolewa watu wake ni watu wa mumewe, na kaburi lake liko huko. Kwa hiyo dada yetu apelekwe kwa wakwe zake, ambao alikwisha kuwapigia simu. Wakwe gani? Wale ambao bibi alipofariki hawakuleta hata mkungu mmoja wa ndizi.

Nilichemka. Nikamwambia, "Baba mkubwa, amemtunza mama yenu hapa mpaka mwisho. Aliomba alale karibu naye."

"Mwanangu, sijatunga mimi. Yameandikwa."

"Yameandikwa, ndiyo. Lakini unaogopa nini?"

Aliyejibu ni baba mdogo, ambaye hajui kuficha neno. "Tukimzika hapa, kesho wanawe watakuja kusema mama yao amelala hapa, nao ni wa ukoo mwingine. Kibanja kitaondoka."

Kumbe. Siku zote naambiwa kwamba watu wanatofautiana juu ya Maandiko kwa sababu ya lugha za kale, tafsiri na vyuo walivyopitia. Sikatai, yapo. Lakini sebuleni mwetu ndugu wawili wa tumbo moja, shangazi na baba mkubwa, waliobatizwa kanisa moja, walisoma ukurasa ule ule. Mmoja aliona ndani yake mzee wa kutunzwa, mwingine akaona mpaka wa shamba. Na aliyeona mpaka ndiye aliyekuwa na sauti, kwa kuwa mwenzake alikuwa amelala mochwari.

Siku ya mazishi, huko kwa wakwe, niliombwa nisome mimi. Baba mkubwa alinipa Biblia akiwa ameweka kidole mahali pa kuanzia. Macho yangu yakapanda juu kidogo ya kidole chake. Pale juu, yule mama mkwe anawaambia wake wa wanawe warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake, na anawaombea baraka. Mmoja wao akarudi kweli, na hakuna aliyemlaani. Nikaanzia hapo.

"Si hapo," baba mkubwa alininong'oneza.

"Ni ukurasa huo huo, baba."

Nikasoma taratibu mpaka mwisho. Wanawake waliokaa chini wakaanza kulia upya, na mchungaji akainamisha kichwa. Kisha wakamshusha shangazi katika lile shimo walilokwisha kuchimba, kwenye migomba ambayo hakuipalilia tangu ujana wake. Kusoma kwangu hakukumrudisha Muleba, na hilo linaniuma kila nikipita nyuma ya nyumba na kuona ile nafasi kando ya bibi imepandwa maharage.

Mimi pia nimeachika. Nimepanga chumba mjini, mtaa wa Bakoba, na wanangu, na likizo tunakwenda Muleba kwa mama. Juzi baba mkubwa alipita kunisalimia. Akanywa chai, akawasifu watoto, akaniuliza kwa upole kama nimeshapatana na mume wangu. Nilielewa anachouliza: nitazikwa wapi. Alipoondoka nikawaita wanangu, nikawafungulia ule ukurasa, nikawaambia siku yangu ikifika waanzie juu.