Sikio la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifanya kazi moja maisha yake yote: kugonga magurudumu ya treni kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima likigongwa hulia kama kengele na mlio hukaa hewani. Lenye ufa hutoa sauti fupi, butu, kama sufuria iliyojaa uji. Kwa miaka thelathini na moja, kabla treni ya saa kumi na mbili asubuhi haijaondoka, alipita kando yake kutoka behewa la mwisho hadi kwenye kichwa, akigonga na kuinamisha shingo. Karakana nzima ilimwita Sikio. Aliwahi kuizuia treni iliyojaa abiria kwa ajili ya gurudumu moja tu. Wakubwa walimfokea mpaka gurudumu lilipofunguliwa na ufa ukaonekana, urefu wake kiganja kizima. Tangu siku hiyo akisema salama ni salama, na hakuna aliyemuuliza tena.

Huyo ndiye ninayemsimulia, na niseme mapema kwamba sina fahari katika habari hii.

Tuliishi nyumba moja: yeye, mama mkwe, mume wangu na mimi. Nafundisha shule ya msingi iliyo stesheni mbili mbele, na treni ya asubuhi ndiyo inayonipeleka. Nyumbani baba alikuwa mtani mzuri, ila miaka ya karibuni ukimwita mara moja ulikuwa umejichosha bure. Redio yake ilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Mama mkwe alisema mumewe amebakiwa na sikio moja, nalo liko tumboni, maana chakula kikiiva alifika kabla ya sahani. Mume wangu alikuwa akimpungia mkono kwanza ndipo aseme naye. Mimi nami nilichangia. Nilisema sikio la kufa halisikii dawa, wote tukacheka, na baba akacheka kwa sababu alituona tunacheka.

Kisha reli ikaanza kufanywa upya. Ghala moja kuukuu la karakana likapakwa rangi likawa kitengo cha utafiti, akaletwa mhandisi, mwanamke wa rika langu, pamoja na wataalamu wawili wa kompyuta. Walikuwa wanatengeneza mashine ya kufungwa kando ya reli, ambayo treni ikipita ingesikiliza magurudumu yote kwa dakika moja na kusema lipi lina ufa. Lakini mashine haizaliwi na ujuzi, lazima ifundishwe. Wakamwita baba awe mwalimu wake. Walimpangia magurudumu arobaini sakafuni. Kazi yake ilikuwa kugonga na kusema salama au ufa, huku kinasa sauti kikinasa mlio na mhandisi akiandika.

Nyumba ilijaa furaha. Mama mkwe alimpigia pasi shati kila asubuhi kana kwamba anakwenda kuoa upya. Shuleni niliringa mpaka walimu wenzangu wakanichoka. Niliwaambia reli mpya itasikia kwa sikio la baba mkwe wangu.

Ijumaa ya wiki ya pili, tukiwa mezani, nikataka kumpa sifa zake. Nikamwambia kwamba mimi nikipanda treni ya asubuhi hukaa na kusinzia bila wasiwasi, kwa kuwa najua baba ameigonga. Hakusikia. Nikarudia kwa sauti. Mama mkwe akamgusa bega, nikarudia mara ya tatu, karibu nipige kelele, na hapo ndipo alipoelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu katika jambo hilo, na kila nikilikumbuka uso unaniwaka. Baba alisukuma sahani, akasema ameshiba.

Kesho yake alibisha hodi chumbani kwetu mume wangu akiwa kazini, akaniomba nimsindikize kwenye kitengo. Alinieleza tukiwa njiani. Alikuwa anasema kwa sauti ya juu mno, ya mtu asiyejisikia mwenyewe, ikabidi nimvute tupite nyuma ya maghala ambako hapakuwa na watu.

"Mwanangu, mwaka wa pili huu sijasikia gurudumu," alisema.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Katika magurudumu mia, tisini na tisa huwa mazima. Anayesema salama kila siku anaweza kuonekana mkweli kwa muda mrefu sana. Aligonga kama zamani, akainamisha shingo kama zamani, akatazama kutu na mafuta yaliyovuja, kisha akapunga mkono treni iende. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba fundi aliyemfundisha nyundo naye aliharibika masikio, akasema ukweli, akapewa ufagio pale getini. Wenzake walimcheka, na yeye, mwanafunzi wake, alicheka nao. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baba aliona ufagio tu.

Nikamuuliza tena, kwa nini ananichukua mimi na si mwanawe.

"Watakachonijibu sitakisikia," alisema. "Mwanangu atanigombeza, mama yako atalia. Wewe ni mwalimu, umezoea kupaza sauti."

Mhandisi alitupokea kwa heshima, akamvutia kiti. Baba hakukaa. Alisema palepale mlangoni kwamba hasikii, kwamba yote aliyowaambia amebahatisha, na wasiyatumie kuifundisha mashine. Mhandisi alifunga makaratasi yake. Kisha akanieleza mimi taratibu, nami nikawa namrudishia baba sikioni. Walijua tangu siku ya tatu. Nusu ya magurudumu yale yalitoka kwenye chuma chakavu, nyufa zake zilishapimwa kwa vyombo, na baba alipatia sawa na mtu anayerusha sarafu. Majibu yake waliyaweka kando. Waliendelea kumwita na kumpa chai kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia mtu kama yeye.

Nilipomaliza, baba akakaa. Aliona aibu, lakini mabega yake yalilegea. Nilijua anawaza kwamba ndiyo hiyo, imepita. Na mimi niliwaza hivyohivyo.

"Ila tulielewa ameshastaafu kugonga," mhandisi akasema. "Treni ya asubuhi siku hizi inagongwa na nani?"

Nilitafuta namna ya kulilainisha swali na sikuipata. Baba akanigusa mkono kuuliza amesemaje, nikainama nikampigia kelele kama lilivyo. Wataalamu wa kompyuta wakaacha kuandika.

"Mimi," baba akajibu. "Kila siku. Na leo."

Mhandisi akauliza tena, nami nikarudia: basi kwa miaka miwili, nani aliyekuwa anasikiliza?

"Hakuna mtu," alisema baba, kwa sauti ile yake ya juu.

Mhandisi akanyanyua simu, akaagiza treni ikirudi mchana isitoke tena mpaka magurudumu yote yapimwe. Akiwa bado ameishika simu mkononi, akanigeukia mimi na kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Na nyumbani, hamkujua?"

Nyumba nzima tulijua kwamba hasikii. Nyumba nzima tulijua kwamba kazi yake ni kusikia. Kila asubuhi nilipanda treni ile na watoto ninaowafundisha, nikasinzia, na jioni nikarudi kumtania. Sijawahi kuona haya ya namna ile, maana baba alikuwa ameficha jambo lake kwa hofu, na mimi nililiacha kwa sababu lilikuwa linachekesha.

"Tulijua," nikasema.

Mhandisi akairudisha simu mezani. Baba alikuwa anatutazama midomo, mara yangu, mara ya mhandisi.

"Amesemaje?" akaniuliza.

Nikamwinamia sikioni. "Anasema twende nyumbani, baba."

Ilinibidi nipaze sauti, na mhandisi akasikia.