Damu ya Mtani na Mpira wa Daktari

Mke wangu alirudi Newala kutoka Dar es Salaam, alikotibiwa saratani ya damu, akiwa hana nywele hata moja. Wiki ya pili kila tonge lilianza kumchoma kifuani, kisha akatapika damu. Nikampeleka hospitali ya misheni, upande wa Masasi.

Daktari alikuwa na mpira mwembamba wenye taa. Mgonjwa huumeza hadi tumboni, naye daktari huchungulia ndani kwa ncha ya nje. Bila kuona angebahatisha dawa: huenda ni kidonda, huenda ni ukungu, huenda ugonjwa wenyewe umerudi. Lakini matibabu ya Dar es Salaam yalikuwa yamepunguza chembe za kugandisha damu. Mpira ukikwaruza mahali, damu ingeweza kutokatika.

"Nitafutie mtu wa kundi O kama mkeo," alisema. "Nimtoe damu asubuhi, mkeo aipate ingali mbichi, ndipo niingize mpira. Iliyolala kwenye jokofu haisaidii kugandisha. Unaye mtu?"

"Sina," nilijibu.

Nilikuwa naye. Wakati wa vita ya Msumbiji, majeruhi walipokuwa wakivushwa Ruvuma, wanaume wa vijiji vyetu vya ujamaa tulipimwa damu, nami niliinakili orodha nzima kwenye daftari. Mimi ni A. Shemeji zangu, A na B. Wa O niliyemjua alipo alikuwa mmoja tu: mwalimu wa Mkunya, ambaye ukoo wake na ukoo wa mke wangu ni watani.

Mtani huyo alimwita mke wangu "mke wangu" mbele yangu, na desturi ilinikataza kukasirika. Mimi nilimpikia uji, nilimwosha, nilimfulia. Yeye alipita mara moja kumjulia hali, akakaa muda wa kunywa chai, akamwacha anacheka. Mimi sikuwa nimemchekesha tangu arudi.

Siku nzima nilikaa na jibu langu. Jioni alitapika tena, zaidi ya mwanzo. Asubuhi nilidandia lori la korosho hadi Mkunya.

Mwalimu alinikuta mlangoni mwa darasa. "Mlinzi wangu! Mke wangu kakutoroka?"

"Anahitaji damu yako."

"Na yako je? Imejaa wivu, haifai?"

Hakungoja nijibu. Alikuwa ameshachukua koti.

Kesho yake alitolewa damu, na mpira ukaingia na kutoka salama. Daktari aliona utando mweupe wa ukungu umelitanda koo la chakula, na kidonda kidogo chini yake. Alitoa dawa ya ukungu. Siku ya nne mke wangu alimeza ugali.

"Mke wangu," mtani alimwambia kabla ya kuondoka, "sasa unatembea na damu yangu. Mlinzi akuamkie shikamoo."

Mke wangu alicheka huku ameshika koo.

Tulipobaki wawili nilimwambia nilichoficha.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Baba watoto, ungenizika na daftari lako mkononi." Akageukia ukutani.

Daktari alitaka kuchungulia tena baada ya wiki tatu, na chembe zilikuwa bado chache. Nilikwenda Mkunya siku mbili kabla. Tulirudi kwenye lori moja, mtani akiwasimulia abiria habari za mke wake mgonjwa njia nzima, nami nimeketi pembeni yake, roho ikiniuma vilevile, nimemshikia koti.