Kipa wa Ukurasa wa Litania

Shilingi elfu thelathini na nane na mia tisa. Hiyo ndiyo gharama ya kumtoa kipa mmoja wa karatasi ngumu Mbuba na kumfikisha Nyamahanga. Nimejumlisha mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa, mara ya pili kwa kalamu, na kalamu ndiyo iliyoniumiza. Nauli ya gari kwenda na kurudi elfu kumi na nne, pikipiki elfu nane, sukari kilo mbili elfu sita na mia nne, mche wa sabuni elfu tatu na mia tano, picha ya mtakatifu elfu tano, bando la simu elfu mbili. Ile picha ya mtakatifu ilikuwa hasara tupu. Nitaeleza.

Tulipokuwa watoto Mbuba, wachuuzi waliovuka mpaka walikuwa wakileta sokoni bablishi za pakiti nyekundu. Utamu wake ulidumu dakika mbili, baada ya hapo ulikuwa unatafuna kitu kama kandambili. Lakini ndani ya kila pakiti mlikuwa na kadi ya mchezaji mpira: mbele picha ya rangi, nyuma maelezo ya Kifaransa na namba. Namba ziliishia ishirini na nne. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, alifanya na mimi mkataba: tukichanga hela, yeye achukue kadi, mimi nichukue bablishi. Niliona nimempiga bao. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba bablishi inaisha na kadi haiishi.

Alizitunza kwenye kopo la biskuti. Tulikuwa hatujawahi kuona televisheni, kwa hiyo wachezaji wale tuliwajua kwa sura tu, na tabia zao tukawapa sisi wenyewe. Namba tatu alikuwa beki mwenye masharubu mazito. Tulikubaliana kwamba ni mkali nyumbani. Namba tisa alikuwa mfupi, soksi zimeshuka mpaka kwenye viatu, na mama alipomwona aliuliza kama hana mke. Namba ishirini na moja alikuwa Mwafrika kama sisi, tena kafanana na mwalimu wetu wa hesabu, kwa hiyo hatukumchezea. Na namba kumi na saba alikuwa kipa. Jezi ya njano, mikono miwili imeinuliwa, glavu kubwa, macho yanatazama juu, na nyuma ya kichwa taa ya uwanja imewaka duara jeupe. Kaka alimpenda huyo kuliko wote, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kipa wa darasa la saba na alikuwa anafungwa sana.

Sasa hapo ndipo ninapoingia mimi.

Huko kwetu, mtoto aliyejibu vizuri katekisimu alikuwa anapewa kipicha kidogo cha mtakatifu. Kilikuwa na ukubwa uleule wa kadi, karatasi ngumu ileile, rangi zilezile. Watu wazima walizitunza ndani ya kitabu cha sala, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa nazo sita. Siku moja nilikwenda kwake na namba kumi na saba mfukoni. Kwa nini kadi ya kaka ilikuwa mfukoni mwangu, hilo ni swali ambalo kaka ameliuliza kwa zaidi ya miaka arobaini. Shangazi alikuwa anakaanga karanga. Nilipochuchumaa, kadi ikaanguka, akaiokota, akaifuta kwa kitenge.

"Huyu ni nani?"

"Anatoka Ulaya, shangazi," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Wengi wanatoka huko," akasema, akamtazama yule bwana na mikono yake iliyoinuka na duara lake la mwanga. "Umepewa kwenye katekisimu?"

Nilitazama karanga. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilisema, "Shangazi, karanga zinaungua."

Nilirudi nyumbani na bakuli zima. Shangazi alibaki na wa saba, akamweka kwenye ukurasa wa Litania ya Watakatifu, ile sala ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina.

Mwaka huu kaka yangu alianguka kutoka kwenye paa akitengeneza bati. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Nyamahanga, na mguu wake umo kwenye hogo, ile plasta nzito ya hospitali, kwa hiyo ni mtu asiye na pa kwenda. Mimi ninanunua na kuuza maharage, nazunguka minada ya Biharamulo, na kila nikitoka mnada wa Nyamigogo nampitia. Siku moja nikamkuta amelipata lile kopo. Amezipanga kadi juu ya hogo, moja moja, kuanzia gotini mpaka kwenye vidole.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hesabu hizi."

Nikahesabu. Ishirini na tatu. Nikarudia. Ishirini na tatu.

"Kumi na saba yuko wapi?" akauliza. Alikuwa na sauti ileile ya darasa la saba, isipokuwa sasa ina kikohozi.

"Vitu vinapotea, kaka."

"Vitu havipotei. Vinauzwa. Na katika nyumba ile muuzaji alikuwa mmoja."

Kwa wiki tatu tulikuwa tunasoma kadi zile kila nikipita. Nilinunua bando, simu ikatafsiri Kifaransa cha nyuma, na kumbe tuliwasingizia watu. Beki wa masharubu, kadi inasema, alikuwa anapenda kufuga njiwa. Yule mfupi wa soksi za kushuka alikuwa na mke na watoto wanne. Tukasikitika kwamba mama hayupo tumwambie. Namba ishirini na moja alikuwa amesomea ualimu kabla ya mpira. Kaka alipiga makofi. "Si nilikwambia! Uso wa hesabu ule." Tulicheka mpaka shemeji akaja kuangalia kama hogo limepasuka.

Lakini kila tulipofika kumi na sita kaka alikuwa anaacha nafasi, upana wa kadi moja, halafu anaendelea na kumi na nane. Hakusema kitu. Aliacha nafasi tu. Mimi ninajua kuvumilia mteja anayefoka, ila yule anayenyamaza ananishinda. Wiki ya nne nikapanda gari la Ngara, kwenda Mbuba kwa shangazi.

Mpango wangu ulikuwa wa kibiashara. Nilipita kwenye duka la parokia, nikanunua picha ya mtakatifu halisi, mpya, kubwa mara mbili, imepakwa nailoni isiingie maji. Nikaongeza sukari na sabuni. Niliamini hakuna mtu mwenye akili anayeweza kukataa.

Shangazi sasa ni mzee, lakini bado anapalilia shamba lake la maharage mwenyewe na bado anajua bei ya kila kitu. Alinipokea, akapokea sukari, akainusa sabuni, akaniwekea ndizi na maharage. Nilipomaliza kula nikaitoa picha.

"Shangazi, nimekuletea mtakatifu mpya. Nikaona labda yule wa njano amechakaa, nimchukue mimi, huyu akae mahali pake."

Akaishika mbali na macho, halafu karibu.

"Huyu simjui," akasema. "Sijawahi kuongea naye."

"Si utamzoea?"

"Mwanangu, nina umri gani wa kuanza kumweleza mtu mambo yangu tangu mwanzo?"

Akaleta kitabu cha sala. Kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kikafunguka chenyewe kwenye Litania, na pale alikuwepo, namba kumi na saba, pembe zimekuwa laini kama kitambaa, jezi imekwajuka. Glavu zilionekana bado. Shangazi akanihesabia alichofanya: mvua ya mwaka ule mbaya, ng'ombe aliyezaa pacha, wajukuu wawili waliofaulu, na mmoja aliyefeli, ila huyo alikuwa mvivu na hata mtakatifu ana mipaka yake.

Nilijaribu kutafuta bei. Nikasema nitaongeza kitenge. Akacheka. Nikasema nitaongeza mbuzi. Akaacha kucheka, akanitazama.

"Wewe hujawahi kutoa mbuzi hata kwa mahari yako bila kulalamika mwaka mzima. Huyu ni nani hasa?"

Hapo ningeweza kuangalia karanga, lakini karanga hazikuwepo. Nikamwambia. Nilimwambia yote: bablishi, kopo la biskuti, kaka, mfuko wangu, bakuli. Nikamwambia kwamba yule ni mchezaji mpira, golikipa, na kwamba duara nyuma ya kichwa ni taa ya umeme.

Shangazi akakiweka kitabu magotini, akamtazama yule bwana. Kuku aliingia, akadonoa makombo, akatoka, na bado alikuwa anamtazama. Niliogopa. Sikuogopa kukosa kadi; niliogopa kwamba kwa sababu ya bakuli la karanga nimemharibia bibi kizee sala za miaka yote hiyo, na kwa hasara kama hiyo sijui mtu anarudisha nini.

"Golikipa," akasema mwishoni.

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Na hizi glavu? Mimi nilidhani alikuwa mkulima. Nikasema huyu ndiye wetu, wengine wote wameshika maua na vitabu, huyu peke yake ana vifaa vya kazi."

Halafu akaanza kucheka, taratibu, kwa mabega kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikujua kama naruhusiwa.

"Hukasiriki, shangazi?"

"Nikasirike nini? Sala zilikuwa zinakwenda kwa Mungu. Huyu alikuwa anakaa tu kwenye ukurasa, ananisikiliza. Tena alisikiliza vizuri, hakunikatisha hata siku moja. Mume wangu, Mungu amrehemu, hiyo ilimshinda." Akajifuta macho. "Alikuwa kipa hodari?"

Nikaigeuza kadi, nikaielekezea simu itafsiri. "Nyuma wameandika alikuwa hodari kwa mipira ya juu."

"Inaonekana," akasema, akitazama ile mikono.

Kisha akamtoa ukurasani na kunipa. Ila shangazi hatoi kitu hivihivi, na hapo nikajua nimerithi kwa nani. "Kaka yako ana mguu mbovu, amwone mtu wake. Lakini nakukopesha. Mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote. Siku hiyo uniletee huyu, au uniletee mwenzake kutoka kwenye hilo kopo. Nimeshazoea wanamichezo. Asiwe anacheka, maana siwezi kumweleza shida zangu mtu anayecheka. Na asionekane kaptula. Zile kaptula zao ni fupi, haziendi na Litania."

"Na huyu mtakatifu niliyekuletea?"

"Mwache. Atakaa kwenye ukurasa wa ndoa. Mimi ndoa nimemaliza, hatasumbuliwa."

Hivyo nikapoteza elfu tano na nikapanda pikipiki nikiwa nimeridhika, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Kaka nilimkuta uani, mguu juu ya kigoda. Niliichukua kadi, nikaiweka pale kwenye nafasi, kati ya kumi na sita na kumi na nane. Hakuniuliza ilikuwa wapi. Aliishika kwa pembe mbili, akaigeuza, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Kisha akainua mikono yake miwili, hivi, kama yule bwana, na kwa mwalimu mstaafu mwenye hogo alipendeza. Shemeji akatuletea chai. Tukahesabu pamoja: ishirini na nne. Tukarudia: ishirini na nne. Sijui kama tangu utotoni nimewahi kukaa na kaka yangu jioni nzima bila mmoja wetu kudai kitu.

Na hapo ndipo penye tatizo, maana sikumwambia kwamba ni mkopo.

Nilikusudia kumwambia siku ileile, lakini mikono yake ilikuwa bado juu. Wiki iliyofuata nikamwuliza, kwa utani, kama angeweza kuachana na mmoja wa wale wengine. Akasema, "Wewe! Nimesubiri tangu nikiwa na meno yote. Ishirini na nne ni ishirini na nne." Akafunika kopo na kulikalia.

Hata hivyo nilikuwa nimeshawapitia wote kwa jicho la shangazi. Waliopigwa picha nzima, kaptula zikionekana, ni kumi na wanne. Wanabaki kumi. Ukiondoa wanaocheka, sita, wanabaki wanne. Katika hao wanne mmoja ni kipa mwenyewe, mwingine anatukana mwamuzi, nadhani, kwa namna mdomo ulivyokaa. Wanaofaa ni wawili tu: beki wa masharubu na yule anayefanana na mwalimu wa hesabu. Wa masharubu angesikiliza vizuri, mtu wa njiwa huyo. Lakini kaka anamjua kila unywele.

Jana shangazi alipiga simu. Alinisalimia, akauliza hali ya mguu wa kaka, akauliza bei ya maharage Nyamigogo, akasema napunjwa. Mwisho akasema kwamba Litania anaisoma bado, ila akifika pale anatazama karatasi tupu na maneno yanamkimbia kidogo. Hakulalamika. Alinitajia tu.

Kwa hiyo ninaomba ushauri kwako unayesoma, nawe uwe mkweli kuliko nilivyokuwa mimi mbele ya zile karanga. Nimwambie kaka kwamba furaha yake ina tarehe ya kurudishwa? Nimpeleke mwenyewe Mbuba hogo likitoka, akaongee na shangazi, wapatane wao wawili? Au kuna mahali mtu anaweza kupata kadi moja ya miaka ile, picha ya kifuani, mchezaji asiyecheka? Kama unayo, nitajie bei. Ila tafadhali usianzie juu.