Kulikagua Gari la Bibi Felista, Ng'ambo ya Busisi

Nilitoka Kiseke asubuhi ile kwa ajili ya gari dogo la Kifaransa ambalo siku hizi halitengenezwi tena. Kazi yangu ni kukagua magari ya zamani yanayouzwa. Mteja anaona picha kwenye simu, anapenda, halafu ananituma nikaangalie kama kilichopigwa picha ni gari kweli au ni kutu iliyopakwa rangi. Mteja wa safari hiyo alikuwa Bwana Kamugisha, mwenye nyumba ya wageni pale Nyamagana, mtu anayependa magari yenye vituko. Hili lilikuwa na kituko chake: gia haisimami sakafuni, inachomoza katikati ya dashibodi kama mpini wa mwavuli. Unaivuta na kuizungusha. Kijijini lilikokuwa, watu walikuwa wakiliita Mwavuli.

"Likiwa zima, fundi, njoo nalo leo leo," aliniambia.

Nikamjibu kwamba gari lililosimama muda mrefu haliletwi hivi hivi. Akacheka. Mimi sikucheka. Breki ambayo hujui nani aliigusa mara ya mwisho ni kitu cha kuogopwa, na mimi naiogopa hata baada ya miaka yote hii.

Usagara niliteremka kuangalia Pijo kuukuu lililokatwa nyuma likafanywa pikapu, maana Bwana Kamugisha alikuwa amelisikia nalo. Nilipitisha sumaku mlangoni, ikaanguka. Chini ya rangi palikuwa na puti tupu, ile lipu ya kuzibia kutu. Nilipolala chini nikaona chasisi imeungwa kwa kipande cha nondo.

"Hili linabeba watu?" nikamuuliza muuzaji.

"Mpaka jana," akasema.

Niliondoka nikiwawaza hao watu wa jana.

Darajani Busisi ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati. Sengerema nikapanda bodaboda kuelekea kijiji kilicho ufukweni. Dereva alipojua ninakokwenda alipunguza mwendo.

"Kwa bibi mkunga? Lile gari lake watu hawalisogelei, dada."

"Kwa nini?"

"Kuku wanapotelea pale bandani. Wakiingia hawatoki."

Nikasema moyoni ni kicheche.

Nyumbani kwa Bibi Felista palikuwa safi, pamefagiwa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuoni vizuri. Naona kivuli chenye adabu."

Gari lilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Kwa miaka mingi alikuwa amelitumia kuwapeleka kina mama hospitali. "Wengine hawakusubiri tufike," alisema huku akipapasa kiti cha nyuma. "Walijifungulia hapa hapa." Sasa macho yamekataa, na hakupenda kuliona likioza, ndiyo maana analiuza.

Nililikagua taratibu. Sakafu nzima, milango inafunga, sumaku ilishika kila mahali. Chini ya boneti palikuwa na majani makavu na manyoya ya kuku. Nikadhani ni panya, nikayatoa kwa kijiti. Sikutumia mkono, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Niliweka betri niliyokuja nayo na petroli mpya, nikasafisha kabureta, na injini ikawaka. Breki ndiyo ilinitia wasiwasi. Niliongeza mafuta yake, lakini pedali ilizama mpaka chini mara ya kwanza, ikazama ya pili, na ya tatu ndipo ikashika.

"Twende mpaka zahanati tu," alisema Bibi. "Ni tambarare. Kuanzia pale ndipo njia inateremka ziwani."

Akaketi kushoto kwangu, amefurahi kama mtu anayekwenda harusini. Tulikwenda mwendo wa baiskeli, kisha mbio kidogo. Alinihadithia usiku mmoja wa mvua, matope, na mama aliyekuwa akimng'ang'ania bega. Nilikuwa nikiitikia, "Ee, Bibi." Tukaikaribia zahanati. Nikapeleka mkono kwenye gia ili nipunguze mwendo na kugeuza.

Kwenye tundu ambamo gia inatokea dashibodini, palikuwa na kitu kinachosogea.

Kilitoka taratibu, cheusi, kikajiviringisha kwenye ule mpini. Joto la injini lilikuwa limemfukuza kutoka alikolala. Alikuwa swila, nyoka wa sumu kali. Sehemu ya mwili wake ilining'inia, na kichwa kikawa jirani na goti langu. Mkono wangu ulibaki hewani, kisha nikaurudisha kwenye usukani kama vile si wangu. Zahanati ikatupita. Mbele njia ikaanza kushuka, na chini niliona kundi la ng'ombe likienda kunywa maji, na mchungaji nyuma yao.

Sikusema neno. Nilijiambia kwamba Bibi akishtuka atapiga kelele na sote tutaumwa. Hadithi yake ikakatika. Mkono wake ukanyanyuka ukaja upande wangu, moja kwa moja kwenye gia. Nilidhani anataka kunionyesha jinsi ya kuivuta.

"Bibi," nikanong'ona, "rudisha mkono. Polepole. Uweke mapajani."

Akaurudisha. "Kuna nini?"

"Nyoka. Yuko kwenye gia. Kichwa kiko gotini kwangu."

"Breki?"

"Inataka mara tatu. Nikitikisa mguu ataniuma."

"Mbele?"

"Ng'ombe. Na mtu."

"Pembeni?"

"Matuta ya viazi, upande wako."

Alivuta pumzi. Aliposema tena, ilikuwa sauti niliyoamini wale kina mama waliisikia. "Basi pumua, mwanangu. Usisukume mguu. Geuza taratibu, usikate. Haya. Pumua. Taratibu."

Niligeuza. Tairi la mbele likapanda tuta la kwanza, gari likaruka, likapanda la pili. Swila akadondoka sakafuni. Nilihisi uzito wake ukipita juu ya kiatu changu. Gari likakohoa, likazima, likasimama limeinamia upande.

"Sasa usitikisike," alisema Bibi.

Nilikaa hivyo mpaka uzito ule ukaniacha, ukapotelea nyuma ya pedali. Kisha nikafungua mlango, nikazunguka kumtoa Bibi, tukaketi palepale matutani.

Mchungaji, kijana aitwaye Makoye, alikuja na fimbo yake akafungua boneti. Alipata ngozi aliyojivua nyoka, ndefu kuliko fimbo. Nyoka mwenyewe hatukumpata. Bwana Kamugisha alipopiga simu aliuliza kama linawaka.

"Injini nzima, bodi nzima, breki hakuna," nilimwambia. "Na ndani yake kuna swila, hatujui yuko wapi. Mimi siliendeshi."

Akasema atatuma lori, na mafundi walifumue nje, juani.

Kwenye basi la kurudi, mkanda wa begi la mtu ulinigusa kifundo cha mguu. Nikainuka, nikasimama mpaka Mwanza ingawa kiti kilikuwepo.

Jioni, nikiwa nyumbani na miguu juu ya kochi, Bibi Felista alinipigia.

"Umefika salama?"

"Nimefika, Bibi. Bado naogopa."

"Hata mimi."

Nikamwomba radhi kwa kuchelewa kumwambia. Nikamweleza kwamba sikutaka kumtisha, na kwamba niliposema ni pale tu alipotaka kushika gia.

"Mwanangu, mimi sioni," alisema. "Nilitishika ulipoacha kuniitikia. Gia sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Tangu safari ile, nikiwa garini na mtu, hofu yangu naisema ikiwa bado ndogo.