Jani la Isale na Kadi Nyekundu

Yule bwana simsamehe, na asiyenielewa shauri yake.

Tulikuwa vijana. Mechi ilichezwa hapa Moshi, sisi na timu ya nchi jirani, na makocha wa timu ya taifa walikaa jukwaani wakitafuta beki. Beki ndiye mimi. Nikamwangusha mtu vibaya, bila kukusudia. Refa alitoka mbali, Kiswahili hajui, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikafanya tunavyofanya kwetu Kibosho mtu akikosea: nikakimbilia uzio, nikachuma jani la isale, nikampelekea refa kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa.

Nahodha wao, mwenye Kiingereza cha kuringia, akamnong'oneza refa. Refa akaruka nyuma, akachomoa kadi nyekundu. Mwenzangu aliyesikia akaniambia, "Kamwambia unamroga!" Nilitoka uwanjani nalia. Timu ya taifa haikuniita kamwe.

Nikaishia kuongoza watalii mlimani, na kwao nikanyoosha Kiingereza, nikaokota na Kifaransa. Ndiyo maana mwaka jana niliitwa kumtafsiria refa Mfaransa kwenye mechi ya kirafiki. Kutazama benchi la wageni, lo! Kocha wao ni yule nahodha, na kitambi juu.

Kipindi cha pili akamtukana refa kwa Kiingereza, kidole kikikaribia pua. Refa akaniuliza kasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, wala sikutia chumvi. Mkono wa refa ukaenda mfukoni.

Basi kocha akakimbilia uzio. Akachuma isale! Akampelekea refa kwa mikono miwili, akanigeukia. "Kaka, mwambie naomba msamaha. Mwambie basi!"

Damu ikanichemka. Kwao ni ng'ambo tu ya mpaka wa Rombo, isale wanazo. Kumbe siku ile alijua!

"Mimi ndiye yule mchawi," nikamwambia. "Umenisahau?"

Refa akauliza jani ni la nini. Nikamjibu kwamba nililetwa kutafsiri maneno, majani simo. Kadi ikatoka.

Wazee wa kwetu wamenigombeza: Mchagga hakatai isale. Mbona sikukataa? Alimpelekea refa. Angeniletea mimi, ningepokea hata kama roho inaniuma. Alipotolewa, kocha alinipita kwa hatua mbili tu, jani bado mkononi, akaenda kulitupa nje ya geti.